Samaki Watano wa Salha na Pipa Langu la Buluu

Juzi nimepigiwa simu na kijana wa hapa hapa Chake. Hata salamu hakuimaliza. "Bi Time, nimenunua tangi asubuhi, nikatia maji ya mfereji, nikatia samaki, sasa wote wako juu wanahema. Nifanye nini?" Nikamwambia, katakata vitunguu, bandika sufuria. Akakasirika, akakata simu. Basi nyinyi ambao hamjakasirika bado, njooni mkae. Mimi nimeshastaafu, magoti hayataki tena kuchuchumaa nyuma ya tangi, lakini ulimi alhamdulillahi ungali mzima, na kazi hii ya kuweka matangi ya samaki majumbani nimeifanya miaka ishirini na ushei. Nikifa nayo kichwani nitakwenda kuulizwa.

Sikuisomea popote. Nilikuwa mpaka hina, kazi yangu kuwapamba maharusi mikono. Siku moja nilikwenda kwa Mzee Makame, fundi vioo, kuchukua kioo cha kabati langu, nikamkuta anagombana na tangi. Kuna mtu kamuagizia tangi la samaki, na yeye mkono wake umezoea madirisha. Silikoni kaibandika mabonge mabonge, maji yanachuruzika pembe zote nne. Nikamwambia, "Mzee, hebu nipe hiyo silikoni." Akanitazama kuanzia kanga mpaka kandambili. "Weye? Hii si hina, bibie." Nikamjibu, "Yote ni mstari, na mstari ukishauanza usisite katikati." Nikauvuta mmoja mpaka mwisho bila ya kushusha pumzi, nikaulaza kwa kidole chenye maji ya sabuni, nikenda wa pili. Tukaiacha ikauke siku mbili, tukalijaza tangi maji juu ya magazeti. Asubuhi yake magazeti makavu. Mzee Makame hakusema ahsante, neno hilo hakuwa nalo, lakini aliniuliza, "Kesho waja saa ngapi?"

Yeye ndiye aliyenifunza kwamba hakuna kitu kizito kama maji, labda mkwe. Lita moja, kilo moja. Tangi la lita mia na ishirini ukishalijaza na ukatia mawe, ni watu wazima wawili wamekaa juu ya meza yako usiku na mchana, hawaondoki hata kwenda kusali. Yeye mwenyewe lakini somo hilo alilipata kwa taabu, nami nilikuwepo. Tangi letu la mwanzo tuliliweka juu ya friza, kwa sababu mwenye nyumba alisema hapo ndipo patakapopendeza. Tukalipima, tukalijaza, tukapewa chai na sambusa, tukaondoka na sifa zetu. Friza lenyewe la kufungulia juu! Hakuna aliyekumbuka, si sisi wala mwenye nyumba, mpaka mkewe alipotaka kutoa kuku.

Kwa hiyo sikilizeni. Meza iwe imara, na chini ya tangi tia kipande cha sponji jembamba, kwa sababu meza zetu hizi seremala akikwambia zimenyooka mwambie aape. Usiliweke dirishani. Jua likilipata maji yatageuka kijani, utadhani umefuga kisamvu. Mchanga wa pwani uache pwani. Ule ni makombe na matumbawe yaliyosagika, na samaki wa maji baridi hautaki. Chukua changarawe za mtoni, zioshe kama unavyoosha mchele, maji ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Maji ya mfereji yana dawa, yatie kwenye pipa yakae siku moja au mbili, wazi, dawa iondoke. Kisha tia ndani ya tangi, washa pampu, na usitie samaki.

Hapo ndipo mnaponishinda nyinyi. Mnasema, "Bi Time, tangi bila samaki la nini?" La kungoja. Maji mapya ni nyumba isiyo na choo. Samaki anakula, anachafua, na uchafu wake mwenyewe ndio unaomuua. Kuna vijidudu, havionekani, ndivyo vinavyoula ule uchafu, na vyenyewe havinunuliwi sokoni, vinakuja taratibu, wiki nne, wiki sita. Ukitaka kuvihimiza, nenda kwa mtu mwenye tangi la zamani, umuombe kipande cha sponji lake chafu uliweke kwenye lako, kama mtu anavyobakisha unga uliochacha kwa mkate wa kesho. Na usije ukalifua kwa sabuni! Niliwahi kumwekea tangi mzee mmoja wa Pujini, mtiifu kweli kweli, akakaa mwezi mzima kila jioni kwenye kiti chake anatazama maji matupu. Majirani wakanifuata kuniuliza kama mzee wao yu salama.

Sasa nitakuambieni siku niliyokosea mimi, tena nikiwa fundi kamili, Mzee Makame keshaniachia kazi ya matangi yote.

Palikuwa na msichana Tibirinzi, jina lake Salha, kalelewa na bibi yake, Bi Mize. Alikuwa anasomea uuguzi, kabakisha mwaka mmoja. Akachumbiwa na Suleiman, kijana wa kisiwani Fundo anayefanya kazi Unguja. Vijana wa siku hizi wana mambo yao: badala ya kumletea mchumba dhahabu ya shingoni, Suleiman akamletea samaki wa dhahabu, watano, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa boti. Alikuwa kanipigia simu miezi miwili kabla, kwa hiyo tangi nililiweka, likangoja, likaiva, samaki wakaingia kama watu waliotandikiwa kitanda. Hapo sina lawama.

Kasheshe ilikuwa kwa mama yake Suleiman, Bi Riziki. Yeye alitaka mkwe akishaolewa ende akakae naye Fundo. Suleiman alitaka Salha abaki kwa bibi yake mpaka amalize masomo. Mama na mwana wakavutana wiki nzima. Bi Riziki aliposikia kwamba mwanawe kanunua samaki wasioliwa, ndipo alipopata pa kushikia. Akatuma salamu: "Siku nitakayoleta sanduku la bi harusi nitawaangalia hao samaki. Nikiwakuta wazima, nitajua nyumba ile ina mikono, akae asome. Nikiwakuta wamekufa, mtoto hajafunzwa kutunza, na atakuja Fundo nimfunze mimi." Na Salha alielewa maana yake. Masomo ndiyo basi, na Bi Mize mwenye mguu wake mbovu atabaki peke yake na paka.

Nikaapa kwamba samaki wale hawatakufa mikononi mwangu. Kila siku ya pili niko Tibirinzi. Adui yangu mkubwa alikuwa Bi Mize mwenyewe. Mapenzi tu. Mara nimkute anawatilia vipande vya chapati. Mara nimkute kasimama juu ya tangi na mrashi wake, anawarashia marashi ya mawaridi! Nikapiga ukelele, mrashi nusura umtoke. "Kwani kuna nini?" akasema. "Kila mgeni anayeingia humu hurashiwa. Hawa wana kosa gani?" Nikabadilisha maji robo, nikamuapisha, akaapa hatarudia tena.

Ilikuwa msimu wa karafuu. Mnaujua wenyewe. Majamvi kila uwanja, karafuu mbichi, karafuu kavu, makonyo, vile vijiti vya karafuu, kwenye magunia, mtu ukioga unajifuta kwa taulo linalonuka karafuu. Mimi mwenyewe usiku nilikuwa nachambua kwa dada yangu, vidole vyeusi. Na katika msimu huo huo ndiyo watu wa harusi wakaniazima pipa langu la zamani, lile ninalolazia maji ya tangi. Nikamwendea shemeji yangu, akanipa jengine, la buluu, zuri, lina mfuniko. Zamani likimchukulia mafuta yanayokamuliwa kwenye makonyo. Nikaliosha kwa majivu, nikaliosha kwa sabuni, nikaliosha kwa ndimu, nikalisuuza mara sijui ngapi. Nikatia kichwa changu chote ndani, nikanusa kwa pua zote mbili. Halinuki kitu. Nikalijaza maji, nikaliacha juani uani kwa Bi Mize siku mbili.

Siku ya sanduku nikafika mapema. Salha kakalishwa mkekani, kapakwa hina mikono yote miwili, kainyoosha mbele haruhusiwi hata kujikuna pua. Wanawake wanamenya vitunguu thomu uani. Mimi nikasema leo tangi hili lazima liwake. Kanuni ni kubadilisha maji robo, ikizidi sana thuluthi. Kiburi kikanipanda, nikabadilisha nusu. Nikafuta kioo kwa siki, nikarudi nyuma hatua tatu kutazama kazi yangu. Maji unaweza kuyasomea barua. Nikaenda uani kupewa uji.

Niliporudi, samaki mmoja kainama ubavu, kama mtu aliyesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa. Nikagonga kioo. Hanijui. Nikamuona wa pili anateremka polepole, kisha wa tatu, na kabla ya adhana ya adhuhuri wote watano wako matumbo juu.

Jamani, mimi nina hasira, na hasira zangu zina mbio kuliko akili zangu. Sikufikiri. Nikatoka uani, mbele ya wanawake wote wa mtaa, nikasema kwa sauti, "Bi Mize! Umewarashia tena!"

"Wallahi sijagusa," akasema.

"Basi marashi yamekwenda yenyewe kwa miguu?"

Bi Mize akanitazama. Akaweka chini kisu na vitunguu vyake, akanyanyuka na mguu wake ule, akaingia chumbani, akafunga mlango. Salha kaja mbio na mikono yake imeinuliwa, kalitazama tangi, na hakulia. Alisema tu, "Bi Time, nani atamkanda bibi mguu?" Neno hilo lilinikata maini.

Na hapo hapo honi nje. Tuliwatarajia alasiri, lakini watu wa Fundo husafiri na maji, na siku hiyo maji yalijaa mapema. Bi Riziki kaingia mbele, mwanamke mrefu, mkavu, sanduku linamfuata nyuma kichwani kwa mtu. Salamu alizitoa zote, hakubakisha hata moja, lakini kukaa hakukaa. "Wako wapi?"

Mimi nilishavua kanga yangu ya pili nikalifunika tangi. "Wamelala," nikasema.

"Samaki analala adhuhuri?"

"Hawa wametoka Unguja, Bi Riziki."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Bi Riziki hakucheka. Akaivuta kanga. Samaki watano matumbo juu, na maji yanang'aa kweli kweli, sikosei kujisifu. Nikaanza kutafuta pa kujificha, nikaona chini ya meza pana waya za pampu. Lakini Bi Riziki hakusema neno la samaki. Alikuwa anavuta pua.

"Mbona maji yananuka karafuu?"

Tukatazamana. Tukanusa. Hakuna aliyesikia kitu. "Nyinyi hamuwezi kuinusa," akasema, "mmelala nayo. Sisi kwetu pua zetu ni za samaki." Akapandisha mikono ya buibui, akamtoa mmoja, akamfunua shavu kwa ukucha. Ndani mwekundu, tena mnachezacheza kidogo. Akamtazama jicho. "Huyu si maiti. Mie nimeshika samaki waliokufa tangu sijaota meno, na huyu si mmoja wao. Weye fundi, jino likikuuma, watia nini?"

"Mafuta ya karafuu."

"Kwa nini?"

"Lifanye ganzi."

"Basi ndivyo ulivyowafanya. Leteni maji ya kisima, upesi!"

Jirani ana kisima. Ndoo zikapokezanwa mkono kwa mkono. Chombo kikubwa kilichokuwa safi ni sufuria la pilau, basi samaki wakatiwa ndani ya sufuria la pilau, na mpishi, aliyekuwa hajui lolote, akatoka jikoni akauliza kama mapishi yamebadilika. Bi Riziki akatufundisha: mshike chini ya tumbo, kichwa mbele, mpeleke taratibu, maji yamwingie mdomoni yatokee mashavuni. "Usimrudishe nyuma!" ananigombeza. "Samaki hapumui kinyumenyume!" Mimi ninao wawili, yeye wawili. Wa tano hana mtu.

Salha akatia mikono yake ndani.

Na hina mbichi! Yule mpaka hina wake alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani, na mimi najua alivyoumia, kwa sababu ile ni kazi ya asubuhi nzima. Maji yakawa na rangi ya chai. Salha hakumsikia mtu. Anampeleka samaki wake mbele, anamzungusha sufuria zima, midomo inamtembea, sijui anasoma dua gani. Wa kwangu wa kwanza akapiga mkia. Wa Bi Riziki wakaamka wote wawili. Wa kwangu wa pili akaamka kanipigia maji ya uso. Wa Salha bado. Sote tumeinama juu ya sufuria, hata aliyebeba sanduku kainama nalo kichwani. Nilikuwa namuomba Mungu huku nikihesabu nauli ya kuhamia Makunduchi nisikojulikana. Kisha yule samaki akafumba mdomo, akafumbua, akajikunja, akamtoka Salha vidoleni akenda zake.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, harusi yenyewe haikuvipata.

Bi Riziki akajifuta, akatoka uani moja kwa moja mpaka kwenye pipa la buluu. Akachovya kidole, akakionja, akatema. "Haya si maji, hii ni dawa ya jino. Nani kaleta pipa hili?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa skuli.

Akarudi ndani, akamshika Salha mikono, akaigeuza. Hina imemwagika yote, imeacha mabaka ya rangi ya chungwa, mkono wa bi harusi umekuwa kama wa mtu aliyekula biriani bila kunawa. "Nilisema nataka kujua kama nyumba hii ina mikono," akasema. "Nimeiona. Kasome, mwanangu. Ukimaliza uje Fundo na sindano zako, magoti yananiuma."

Salha hapo ndipo alipolia.

Kila mtu kafurahi, mimi peke yangu ndiye niliyebaki na mlango uliofungwa. Nikabisha hodi. Bi Mize kakaa kitandani na tasbihi yake. Nikapiga magoti, maana wakati ule yalikuwa yakikubali, nikamwambia, "Bi Mize, nimekusingizia. Kosa langu, pipa langu. Niwie radhi." Akaendelea na tasbihi yake mpaka ikatimia mia, kisha akaanza nyengine. Mimi chini. Ilipotimia hiyo nayo akasema, "Umenitia aibu mbele ya mtaa mzima, mtu mzima mie, kwa jambo nililokuapia."

"Kweli."

"Radhi nimekupa. Lakini pipa lako litoe nyumbani kwangu. Sasa hivi. Kichwani, si kwa gari. Na upite sokoni."

"Watu wakiniuliza?"

"Wajibu."

Nikalimwaga, nikalibeba. Mnajua Chake ilivyo, mtu hapiti na kitu kichwani asiulizwe. "Bi Time, kunani na pipa?" Nimemsingizia mtu mzima. "Loo! Nani?" Bi Mize wa Tibirinzi. "Kwa jambo gani?" Hapo inabidi nisimame nieleze mwanzo mpaka mwisho, na pipa kichwani. Muuza madafu peke yake alinisimamisha mara mbili, mara ya pili kamwita na mwenzake asikie. Nilifika nyumbani magharibi. Wiki ile nilipata wateja wanne wapya, sijui kwa nini, nadhani walitaka kunitazama tu.

Salha alimaliza, na anapiga sindano kwelikweli, nimezionja. Bi Mize Mungu amrehemu, alikufa akiwa amekandwa mguu. Na pipa mnaliona pale, kwenye kona ya uwanja, sijalitia tone la maji tangu siku ile. Kila kijana anayekuja kutaka kujifunza kazi hii, kabla sijamwonesha pampu wala silikoni, namwambia ende akafunue ule mfuniko, atie kichwa chote ndani, anuse.

Huenda, huinama, huvuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Kisha hunigeukia. "Bi Time, mbona halinuki kitu?"

Namwambia, kaa chini, tuanze.